Kijana wa Tanja



Ndugu zangu vijana, na nyinyi wazazi wetu, Ramadhan karim. Nimeombwa nizungumze juu ya vijana na safari. Nasaha mmezisikia nyingi mwezi huu, kwa hivyo mimi nitamkumbuka kijana mmoja tu. Jina lake mnalijua: Ibn Battuta. Shida ni kwamba tukisikia jina hilo twamuona mzee mwenye ndevu nyeupe kwenye kitabu cha historia. Hebu mtoeni huyo mzee akilini. Siku alipoondoka kwao Tanja, bandari ya Moroko, tarehe 14 Juni 1325 (mwezi 2 Rajab, mwaka 725 Hijria), alikuwa na miaka 21. Rika la hao wanafunzi wa chuo kikuu mnaokaa nao kwenye daku.

Alitoka kwenda kuhiji, peke yake, hana mwenza wala msafara. Baba na mama walikuwa hai, na yeye mwenyewe asema kuachana nao kuliwauma wote watatu.

Njia haikumpokea vizuri. Alipofika Bijaya, Algeria ya leo, homa ikamshika. Mwenzake wa safari akamshauri apumzike mpaka apone. Akakataa! Akasema ikiwa Mwenyezi Mungu amemkadiria kufa, basi afe njiani uso wake ukielekea Hijazi. Naona akina mama wanatikisa vichwa, na wana haki. Lakini yule mwenzake hakugombana naye. Alimwambia auze punda wake na mizigo mizito, naye atamuazima mnyama wa kupanda na hema. Mbele kidogo, mji wa Constantine, mvua iliwanyeshea usiku kucha. Gavana alipoona nguo zake zimechafuka akaamuru zifuliwe, na ile shuka yake kuukuu akambadilishia mpya, pembeni imefungwa dinari mbili za dhahabu. Miaka mingi baadaye alikuwa bado anakumbuka kwamba hiyo ndiyo zawadi ya kwanza aliyopewa safarini.

Homa ilirudi. Akawa anajifunga kwenye tandiko kwa kitambaa cha kilemba asije akaanguka. Hivyo ndivyo alivyoingia Tunis. Watu wa mji wakatoka kuupokea msafara, huyu akumbatiana na ndugu yake, yule aulizwa habari za nyumbani. Ibn Battuta hakuna aliyemsalimia, kwa sababu hakuna aliyemjua. Kijana akashindwa kujizuia, akalia mbele za watu.

Haji mmoja akamuona, akaelewa. Akaja, akamtolea salamu, akawa anazungumza naye kwa upole mpaka wakaingia mjini. Ni hayo tu aliyoyafanya. Idi ya Fitri ikamkuta Tunis, naye akatoka na watu kwenda kuswali uwanjani. Na msafara ulipoondoka, yule aliyekuwa akilia ndiye aliyechaguliwa kuwa kadhi wao.

Sasa nikuulize wewe unayesoma. Jioni hii kwenye mkeka wa futari msikitini kwenu, yuko kijana ametoka Garissa au Kwale, amekuja mjini kusoma au kutafuta kibarua, anakula tende zake akiangalia chini. Jina lake ni nani? Tuendelee.

Mwaka 1331 hivi jahazi lilimleta pwani yetu. Mogadishu alikuta desturi ambayo mimi binafsi yanifurahisha mno. Meli ikitia nanga, vijana wa mji walitoka kwa mashua ndogo, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, akampa mfanyabiashara mmoja na kusema, huyu ni mgeni wangu. Yeye walipojua ni mwanachuoni, akapelekwa kwa kadhi. Alikula wali wa samli, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya ndimu na tangawizi mbichi. Watu wa Lamu na Mombasa hapo mwacheka, maana hivyo vyakula mwavijua!

Mombasa alilala usiku mmoja tu, akielekea Kilwa. Usiku mmoja, lakini ametuandika: watu wa dini, wenye staha na wema, misikiti yao ya mbao imejengwa vizuri, mlangoni pana kisima, mtu huosha miguu akaipangusa kwenye mkeka ndipo aingie.

Msidhani namsifu kwa kila kitu. Alioa na kuacha miji mingi. Damascus alimwacha mkewe mja mzito, akazaliwa mtoto wa kiume. Aliporudi huko mwaka 1348, baada ya India, Maldives na China, akaulizia habari za mwanawe. Akaambiwa amekufa miaka kumi na miwili iliyopita. Papo hapo Damascus akapata habari nyingine: baba yake naye alikuwa amefariki miaka kumi na mitano nyuma.

Akabaki mama. Mwaka huo tauni ilikuwa ikiua watu kuanzia Shamu hadi Maghrib. Mwaka 1349 alifika Taza, Moroko, siku chache tu kutoka kwao, na hapo ndipo alipoambiwa kwamba mama naye amekwenda na ile tauni. Miaka 24 alikuwa safarini, na mama akamkosa kwa muda mfupi hivyo. Alipita kwanza Fez kwa Sultani, kisha akaenda Tanja kuzuru kaburi lake.

Wenye watoto walioko Gulf au Ulaya, nawaona kimya. Na nyinyi mlioko huko, ambao gazeti hili huwafikia, simu zenu ziko mfukoni.

Tumuombee maghfira yeye na wazazi wake, na mwanawe wa Damascus. Na yule haji wa Tunis, ambaye kitabu hakikumtaja jina, tumuombee naye.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.