Onyo Lifike Kabla ya Maradhi



Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti uliolinganisha takwimu za kipindupindu za Zanzibar na takwimu za joto na mvua. Watafiti waliona kwamba joto likipanda kwa digrii moja ya Selsiasi, wagonjwa huongezeka maradufu miezi minne baadaye. Mvua ikiongezeka kwa milimita 200, wagonjwa huongezeka mara 1.6 baada ya miezi miwili.

Miezi minne ni msimu mzima wa mpunga. Aliyeonywa kwa muda huo anawahi kuchimba choo, kufunika kisima na kuweka akiba ya dawa ya kutibu maji. Kipindupindu kilipoingia Zanzibar kwa mara ya kwanza mwaka 1978, kilianzia kijiji cha wavuvi, na kati ya wagonjwa 411 walifariki 51. Wale hawakuwa na wa kuwaonya. Sisi tunaye. Basi nawauliza mliokaa hapa: nani kati yenu aliwahi kuambiwa, kwenye barza, msikitini au redioni, kwamba joto la mwezi huu lina habari ya kutupa kuhusu maradhi ya miezi ijayo? Mimi natafiti mawasiliano ya afya, na ukimya ninaousikia ukumbini baada ya swali hili ndio ninaotaka tuuzungumzie leo.

Ukimya huo hautokani na uhaba wa utafiti; kisiwa chetu cha Pemba hakijapungukiwa nao. Pale Wawi, Chake Chake, tangu mwaka 2000 ipo Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, na kazi zilizofanyika kisiwani humu zimebadilisha tiba ulimwenguni. Watoto wetu zaidi ya 24,000, wenye umri wa kati ya mwezi mmoja na miezi 35, waliingizwa katika jaribio la kuwapa madini ya chuma pamoja na asidi ya foliki. Agosti 2003 sehemu ya kuwapa madini hayo ilisimamishwa, kwa sababu watoto waliopewa madini hayo walikuwa katika hatari kubwa zaidi, kwa asilimia 12, ya kufariki au kulazwa kwa maradhi makali. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006, na Shirika la Afya Duniani likabadili ushauri wake kwa nchi zenye malaria. Mtoto wa India au wa Ghana analindwa leo na jambo lililojulikana kupitia mtoto wa Pemba. Wazazi wangapi wa watoto wale wanaijua habari hiyo? Elimu hutoka hapa kwa haraka. Kurudi kwake ndiko kunakochelewa, na safari hii hatuna muda wa kuchelewa.

Hali ya hewa ya hapa kwetu Micheweni, kaskazini mwa Pemba, si ile waliyoizoea wazee. Ardhi yetu ni ya mawe, udongo wake mchache, na mvua hapa haikuwahi kuwa ya kutegemewa kama kule kwenye mikarafuu ya kusini. Sasa bahari nayo imeingia kwenye mabonde ya mpunga, na kuna visima ambavyo maji yake yamegeuka chumvi. Kisima cha karibu kikiharibika, mtoto anatumwa cha mbali, na hapo hachagui kati ya kilichofunikwa na kilicho wazi. Kinamama wa mwani wanajua zaidi yangu. Kilimo hicho kilianza Zanzibar mwaka 1989 kwa mbegu kutoka Ufilipino, na aina ya kotonii, yenye bei nzuri, imekuwa ikifa kila maji ya kina kifupi yanapopata joto. Mama aliyepoteza mwani amepoteza nauli ya kumpeleka mtoto hospitali. Hili nalo ni suala la afya, ingawa halimo katika rejista ya kituo chochote.

Na habari za afya tunazipeleka vipi? Kwa upande wa simu tumepiga hatua ambazo nchi nyingi zinatuonea wivu. Mwaka 2008 vituo vya afya vya Zanzibar vilianza kutuma taarifa za malaria kwa simu kila wiki. Baadaye ukaja mfumo wa Coconut: mgonjwa mmoja akigundulika kituoni, ofisa wa malaria wa wilaya anapata taarifa, anakwenda hadi nyumbani na kuwapima wanaoishi naye. Uko pia mpango wa Jamii ni Afya, ambao kufikia mwaka 2021 ulikuwa umeenea wilaya zote 11, ukiwa na wahudumu wa kujitolea wapatao 2,300, kila mmoja na simu inayomwongoza hatua kwa hatua anapomtembelea mjamzito au mama mwenye mtoto mchanga. Wengine wao wamo humu ukumbini, na nawapa heshima yao.

Lakini tazameni habari inaelekea wapi. Nyingi inapanda: kutoka nyumbani kwenda kituoni, wilayani, wizarani. Inayoshuka ni kidogo, na inaposhuka hatujui vya kutosha inatua kwa nani.

Tunao ushahidi wa hapa hapa Zanzibar. Kati ya 2009 na 2010 ulifanyika utafiti wa Wired Mothers katika vituo 24 vya wilaya sita, ukiwashirikisha wajawazito 2,550. Waliokuwa upande wa mradi walipelekewa ujumbe mfupi wa simu na kupewa vocha za kumpigia mkunga. Asilimia 60 yao walijifungua mbele ya mtaalamu, wakati upande wa pili ni asilimia 47. Matokeo hayo yalishangiliwa sana. Ila ukiyafungua ndani, faida yote hiyo ilikuwa kwa kinamama wa mjini. Kwa wa shamba, mradi haukuonesha tofauti ya maana.

Kwa nini? Utafiti ule ulihesabu tu, haukukaa na mama wa shamba. Mimi nitasema ninavyoona kwa hapa kwetu. Bamvua linapofika, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hukupwa asubuhi mpaka karibu na adhuhuri, na kinamama wote wa mwani wako chini, maji ya magoti, soksi miguuni kwa ajili ya miba, wanafunga mbegu kwenye kamba na kukaza vigingi. Simu haishuki pwani, maana maji ya chumvi yanaiua. Imebaki nyumbani, au iko kwa kijana anayechajisha kwa malipo, au ni ya mume, na mume yuko dago, kambi ya uvuvi ya mbali. Wavuvi wetu hukaa dago miezi, Tanga, Mtwara mpaka Kenya. Ujumbe unaomwambia mjamzito wa Shumba aende kliniki unaweza kusomwa Shimoni, Kenya, na mvuvi anayetengeneza nyavu. Kwenye kompyuta umeandikwa: umefika.

Hapo ndipo utafiti wetu uanzie: kwenye kalenda ya msikilizaji. Kipindi cha afya cha Redio Jamii Micheweni kikiwekwa saa nne asubuhi siku za bamvua, kinazungumza na nyumba tupu. Kikiwekwa siku za maji mafu, kina wasikilizaji.

Liko pia jambo gumu zaidi, la kuaminiwa. Machi 2024 katika Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na watu 78 walilazwa. Msiba kama huo ulitokea Pemba Novemba 2021, watu saba wakafa, na makatazo yakatolewa. Wako waliosema kwamba watu wa kule hawasikii. Mimi siwezi kusema hivyo. Mtu amekula kasa, baba yake amekula, babu yake amekula, na hawakufa. Ukimwambia kasa ni sumu, unamwambia kitu ambacho maisha yake yote yanakikanusha, na kuanzia hapo hata ukweli wako mwingine anautilia shaka. Ujumbe wa haki ungeanza kwa kukubali anachokijua: kasa wengi hawadhuru. Ndipo useme kwamba huyu mmoja mwenye sumu hajulikani kwa macho wala kwa ladha, kuchemsha hakumsafishi, na sumu yake hupita hata kwenye maziwa ya mama. Hapo mtu ana cha kupima.

Onyo la hali ya hewa lina sura hiyo hiyo. Joto linaweza kupanda na kipindupindu kisije. Watafiti wengi tunaogopa kuwaambia watu neno "huenda", tukidhani hawatalielewa. Mvuvi anaamka alfajiri, anatazama mawingu, anasikiliza Mamlaka ya Hali ya Hewa kuhusu upepo wa kusi, na anaamua kutoka au kubaki. Ameishi na "huenda" tangu utotoni. Tumwambie ukweli mzima, atajua pa kuuweka.

Na tusiwatwike watu mzigo ambao maneno peke yake hayawezi kuubeba. Katika jitihada za kutokomeza kichocho, zilizoanza 2011, walimu wa skuli na wa vyuo vya Qur'ani walifundishwa, watoto wakawa na siku zao za kichocho zenye michezo. Kazi ilikuwa nzuri. Lakini kilichoshusha maradhi ni dawa, na mafunzo hayakuonekana kuongeza upungufu mkubwa juu yake. Mtoto anaweza kujua habari za konokono wanaobeba kichocho kutoka mwanzo hadi mwisho na bado akaoga mtoni, kwa sababu nyumbani hakuna maji. Mtafiti wa mawasiliano asiyeuliza habari za bomba ameiacha nusu ya kazi yake.

Ninachokiomba ni hiki. Vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kampasi yetu ya Mchangamdogo, waufuate ujumbe mmoja tu kwa msimu mmoja. Joto likipanda kupita kawaida, waanze siku hiyo. Wakae na masheha, maimamu, wahudumu wa Jamii ni Afya na viongozi wa vikundi vya mwani watunge onyo moja, kwa Kipemba cha hapa. Kisha wapite Tumbe, Wingwi, Kiuyu na Maziwa Ng'ombe nyumba kwa nyumba, wasiulize kama ujumbe umetumwa. Wamuulize mama aliyeko jikoni: uliusikia? kwa nani? ulikuwa wapi? ulimwamini? kisima chenu kimefunikwa? Majibu yakipatikana, yasomwe kwanza katika ukumbi huu, mbele ya hao waliojibu, halafu ndiyo yapelekwe kwenye majarida.