Chai ya Asubuhi Inayoufaa Mwili Wako

Natumaini mmekwisha kaa, kila mtu na daftari na kalamu yake. Somo la leo ni chakula cha asubuhi, na hasa kile kinachokufaa wewe, siyo jirani yako. Nitazungumza zaidi na ninyi wa Lugoba na vijiji vya njia ya kwenda Msata. Mlioko kwingine mtabadili majina ya vyakula tu.

Kwanza tazameni maneno yetu. Hatusemi, "Nimekula asubuhi." Twasema, "Nimekunywa chai." Mpaka mtu aulizwe chai ilikuwa na nini, ndipo aseme: muhogo, andazi, uji, au chai kavu. Neno hili latuficha mengi, maana majani ya chai na maji havina nguvu ya kufanyia kazi. Nguvu iliyomo kikombeni ni ya sukari, nayo haikai. Mvunja kokoto aliyekunywa chai tamu na andazi moja alfajiri, ikifika saa nne mkono huanza kulegea. Wenzake wasema ni mvivu. Si mvivu, ana njaa.

Tufanye hesabu. Kijiko kidogo cha chai, kisichojazwa kilima, huchukua kama gramu 4 za sukari. Ukitia vijiko 4 katika kikombe, ukanywa vikombe 2, umekula vijiko 8. Andikeni: 8 mara 4 ni 32. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari ya namna hii isizidi kama gramu 50 kwa mtu mzima kwa siku nzima, na ni bora zaidi isizidi 25. Basi mtu wetu amepita 25 kabla jua halijapanda, na lile andazi hatujalihesabu.

Muhogo wa kuchemsha ni chakula chema, na hapa kwetu haukosekani. Lakini muhogo ni wa kutia nguvu tu, haujengi mwili. Mpe mwenzake. Kunde au mbaazi zilizobaki jana, zikachemshwa vizuri asubuhi, zatosha. Yai latosha. Karanga zatosha, ila zichambueni: iliyoota ukungu au kusinyaa itupeni, wala msidhani kuikaanga kutaiondolea sumu. Sumukuvu ya mahindi na karanga si hadithi. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Uji nao, upikeni kwa unga wa dona kuliko sembe nyeupe, maana sembe imeacha kiini na ganda lake mashineni. Juu yake kipande cha papai au chungwa. Mananasi ya Kiwangwa hayako mbali.

Sasa nakuja kwenye miili yetu, maana haifanani. Mwaka 2020 wataalamu wa King's College London na wenzao walitangaza matokeo ya kuwapima watu kama 1,000 waliopewa vyakula vilevile. Sukari ya damu ilipanda sana kwa huyu na kidogo kwa yule. Hata mapacha wa kufanana, waliotoka katika yai moja, hawakuwa sawa. Kwa hiyo akija mtu kukuuzia chakula kimoja cha asubuhi kinachoponya watu wote, mwache apite.

Maziwa ni mfano mwepesi. Wafugaji wanapita na maziwa, na wengi tunayapenda. Yachemsheni kwanza. Lakini wako watu wazima ambao maziwa freshi huwajaza tumbo upepo na kuwaharisha. Si uchawi wala uchafu. Tumbo lao haliwezi tena kusaga sukari ya maziwa. Wajaribu maziwa ya mgando, ambayo wengi wao huyavumilia.

Mama mjamzito, sikiliza sana hapa. Chai ya majani ikinywewa pamoja na chakula huzuia madini ya chuma yasiingie vizuri mwilini, na chuma ndiyo inayotengeneza damu. Upungufu wa damu huua akina mama wakati wa kujifungua. Basi kula kunde zako na chungwa lako kwanza, maana chungwa husaidia chuma kuingia. Chai ingoje kama saa moja. Vidonge vya kuongeza damu ulivyopewa kliniki umeze kwa maji, usimeze kwa chai.

Mzee mwenye kisukari naye ana lake. Asidanganyike kwamba muhogo na viazi havina sukari kwa sababu si vitamu kama andazi. Vikifika tumboni hugeuka sukari. Ale kipande kidogo, na maharage mengi kuliko muhogo. Na kama anachoma sindano ya insulini au anameza vidonge vya kushusha sukari, asiache chakula cha asubuhi kwa shauri lake mwenyewe. Sukari yaweza kushuka mno. Mkimwona anatoka jasho, anatetemeka, maneno yanamchanganyika, mpeni upesi maji yenye sukari ikiwa anaweza kumeza, kisha mpelekeni kituo cha afya. Akiwa hajitambui msimtie kitu mdomoni, mkimbizeni.

Na yule asiyesikia njaa asubuhi? Zamani tuliambiwa kwamba asiyekula asubuhi atanenepa. Mwaka 2019 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, walikusanya majaribio 13, wala hawakuona kwamba kula asubuhi kunapunguza unene. Kwa hiyo mtu mzima mwenye afya, asiye na kazi ngumu, aweza kungoja mpaka njaa ije. Mtoto aendaye shule kwa miguu si mtu huyo. Mpeni uji.

Utajuaje chako? Kwa daftari hilo ulilonalo. Wazee mwaweza kukumbuka kampeni ya redio ya "Chakula ni Uhai," mwaka 1975: watu walikaa vikundi, wakasikiliza, wakazungumza, kisha wakatenda. Nasi tutende. Pigeni mistari mitatu kushuka chini. Mstari wa kwanza andika ulichokula. Wa pili, saa ulipokula. Wa tatu, saa njaa iliporudi, na mwili ulijisikiaje. Siku tatu za kwanza kula kama ulivyozoea. Siku tatu zinazofuata punguza sukari nusu, na uongeze kunde au yai. Mwenye kisukari, mja mzito na mgonjwa waonyeshe daftari kwa mganga kabla ya kubadili kitu.

Sasa punguzeni sauti ya redio. Mmoja wenu asome mbele ya darasa alichokula leo, na wengine waseme kimepungukiwa nini. Asiyekula kitu aseme pia, wala msimcheke. Wiki ijayo, saa hii hii, njooni na madaftari. Kwaherini.