Afya ya Umma: Waba, Maji na Amri ya Mwenye Hazina



Nimetakiwa nieleze katika semina hii maana ya afya ya umma pamoja na historia yake, na kwa kuwa historia hiyo ni ndefu na muda niliopewa ni mfupi, naomba ruhusa niishike kwa upande mmoja tu, nao ni upande wa waba, maradhi ambayo siku hizi tumezoea kuyaita kipindupindu, na hasa namna yalivyoujia mji wa Unguja katika karne ya kumi na tisa.

Tabibu humtazama mgonjwa aliyelala mbele yake. Afya ya umma humtazama yule ambaye bado hajaugua, ikauliza anakunywa maji ya wapi, anakwenda haja wapi, analala na watu wangapi katika chumba kimoja, na ni nani mwenye amri juu ya mambo hayo. Mmarekani C.-E. A. Winslow, katika maelezo yake mashuhuri ya mwaka 1920, alitaja kuzuia maradhi na kurefusha umri, lakini akaongeza kuwa hayo hupatikana kwa juhudi ya jamii iliyojipanga. Aghalabu wanaomnukuu hukazania maradhi na umri, wakaipita mbio ile sharti ya jamii kujipanga, ilhali kwa maoni yangu ndiyo yenye uzito wote, maana hapo ndipo zinapoingia kodi, sheria, na ugomvi wa nani alipe.

Katika tarikhi ya Kiislamu kipo kisa ambacho wengi wetu tulikisikia chuoni. Khalifa Umar bin Khattab alikuwa safarini kwenda Sham, akafika mahali paitwapo Sargh, na huko ikamfikia habari kuwa tauni imezuka nchi ya mbele. Aliwaita Masahaba makundi kwa makundi akawataka shauri, nao wakahitilafiana, na mwishowe akaamuru watu warudi. Abu Ubaida, amiri wa jeshi, alimuuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, naye akajibu kuwa ndiyo, anaikimbia kadari kuiendea kadari. Ndipo Abdurrahman bin Auf alipokuja na hadithi ya Mtume, kwamba mtu asiingie nchi yenye tauni, wala aliye ndani yake asitoke kwa kuikimbia. Kulikuwa na shauri, kukawa na hitilafu, kisha ikatolewa amri moja iliyowahusu wote. Na katika kisa chote hicho hapakutajwa dawa hata moja. Karne nyingi baadaye, mwaka 1377, mji wa Ragusa katika bahari ya Adriatiki uliwaamuru wageni watokao penye tauni wakae kando siku 30 kabla ya kuingia, na desturi hiyo ndiyo iliyozaa karantini ya bandarini.

Sasa waba. Mjini London, mwaka 1854, kampuni mbili zilikuwa zikiuza maji katika mitaa ile ile ya kusini ya mto Thames, mabomba yao yakipita njia moja, nyumba hii ikinunua kwa huyu na jirani yake akinunua kwa yule. Kampuni ya Lambeth ilikuwa imekwisha hamisha, mwaka 1852, mahali pake pa kutekea maji, ikapanda juu ya mto mbali na taka za mji. Kampuni ya Southwark na Vauxhall iliendelea kuteka pale pale taka zilipomwagwa. Tabibu John Snow alipita mlango kwa mlango akiuliza kila nyumba iliyofiwa inanunua maji kwa nani, na hesabu yake ilipokamilika, katika kila nyumba 10,000 zilizotumia maji ya Southwark na Vauxhall walikuwa wamekufa watu 315, na katika kila nyumba 10,000 zilizotumia maji ya Lambeth walikufa 37. Wakubwa wa zama zake hawakusadiki. Hata Bunge lilipoamua kujenga mifereji mikubwa ya maji machafu chini ya mhandisi Joseph Bazalgette, lilifanya hivyo kwa sababu kiangazi cha mwaka 1858 uvundo wa mto uliwafikia waheshimiwa wenyewe katika viti vyao, nao waliamini kuwa maradhi huletwa na harufu mbaya. Kijidudu cha waba kilikuja kutambulishwa na Mjerumani Robert Koch mwaka 1884, mifereji ikiwa imekwisha fanya kazi yake. Walikosea sababu, wakapatia tiba. Na sidhani kuwa ni mara ya mwisho kwa serikali kufanya jambo jema kwa hoja mbovu.

Waba uliingia pwani yetu mara kadhaa baina ya mwaka 1821 na 1870. Habari zake tunazipata kwa tabibu Mskoti James Christie, aliyekuwa mkazi wa Unguja, na ambaye mwaka 1876 alitoa kitabu juu ya waba wa Afrika Mashariki. Christie hakukaa nyumbani akisubiri wagonjwa. Alizikusanya habari za wasafiri na wafanya biashara, akaufuata waba wa mwaka 1869 nyuma kwa nyuma, akauona ulivyoteremka kutoka pande za Bahari ya Sham, ukashika njia za misafara ukapita nchi ya Wamasai, ukafika Pangani, na kutoka Pangani ukavuka kwa vyombo hadi Unguja, ambako uliwaua watu kwa maelfu. Maradhi yalisafiri kwa mwendo wa mizigo, na mfuasi wa njia za biashara aliweza kujua yatatua wapi.

Mji wenyewe ulikuwa umeyaandalia makazi. Umejengwa juu ya jiwe la matumbawe, lenye matundu matundu, na visima vilichimbwa humo humo baina ya nyumba, vyoo vya shimo na makaburi, hata kilichoingia chooni hakikuwa na safari ndefu kufika kisimani. Ndoo nayo ilikuwa moja kwa watu wengi: huteremshwa, hupandishwa, kamba yake ikaburutwa katika tope la ukingoni, kisha ikarudishwa majini na tope lake. Upande wa mashariki lilikuwako hori la Pwani Ndogo, lililoutenga mji wa mawe na Ng'ambo, maji yakijaa na kupwa juu ya taka za pande zote mbili; na David Livingstone, alipopita mwaka 1866, aliulalamikia uvundo wa pwani ile kwa maneno ambayo Waunguja hawakuyapenda na hawana haja ya kuyapenda leo.

Seyyid Barghash bin Said alikalia kiti cha usultani wa Unguja mwaka 1870, mwaka ule ule waba ulipomalizika. Zamani alikuwa amefanya fitina juu ya ndugu yake Seyyid Majid, akahamishiwa Bombay mwaka 1859, na akawako huko wakati mji ule ulipokuwa ukiletewa maji ya mabomba kutoka ziwa la Vihar. Ikiwa fikra aliitoa huko, kama inavyodhaniwa, ama aliipata kwingine, alilofanya li wazi: kabla hajafariki mwaka 1888 aliyavuta maji ya chemchemi za nje ya mji, upande wa kaskazini, akayaingiza mjini kwa mabomba, na raia wakayanywa bila ya kulipa. Hakuwa tabibu. Alikuwa na hazina, akaifungua.

Lakini mwenye amri aweza pia kuitumia afya kama kisingizio. Nairobi, mwaka 1902, tauni ilipozuka, bazaa ya Wahindi ilitiwa moto. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson aliletwa Afrika Mashariki kukagua miji, na shauri lake lilikuwa kuwatenga watu kwa asili zao. Dar es Salaam nayo ikabaki na Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukiachwa wazi katikati kana kwamba maradhi hayajui kuvuka uwanja. Hayo ndiyo yaliyomfanya Bwana Afya aogopwe mitaani. Alipobisha hodi kuchungulia mtungi, au kupindua kifuu cha nazi kilichosimamisha maji nyuma ya jiko akitafuta viluwiluwi vya mbu, mama wa nyumba alijua kuwa faini yaweza kufuata, na aliwahi kupindua vifuu vyake si kwa kuchukia mbu bali kwa kumchukia mgeni. Vifuu vilipinduliwa, lakini wiki ya pili vilisimama tena.

Kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoendeshwa Tanzania mwaka 1973, ilishika njia nyingine. Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, redio katikati, wakasikiliza habari za malaria, kichocho, safura na kuhara, wakasoma pamoja kitabu kidogo, kisha wakakubaliana wenyewe nani achimbe choo na lini. Vyoo vilichimbwa kwa wingi. Hata hivyo waba ulirudi nchini katika muongo ule ule, kwani choo cha shimo huchimbwa na mwenye nyumba kwa jembe lake, ama bomba la maji safi halichimbwi kwa jembe la mtu mmoja, na kikundi cha redio, kwa nia njema yake yote, hakina hazina.

Ndiyo sababu nimeistaajabia orodha ya waalikwa wa semina hii. Nimewaona humo madaktari, wauguzi na walimu, nami nawaheshimu wote. Sikumwona mhandisi wa maji hata mmoja, wala mpima viwanja, wala mtu wa hazina. Kesho asubuhi tutajadili makadirio ya fedha za mwaka ujao, na usiku bado mrefu, Mwenyekiti. Naomba wapigiwe simu.