Dola ilishuka, bei ya Bendera ikabaki juu



Leo sina kelele. Nimeleta kaye. Ndani yake kuko hesabu ya safari yangu ya Kigoma, na nitawasomea hata sehemu zenye zinanipa haya.

Hapa kwetu watu wanasemaka: vuka ziwa, kule vitu ni bei ya chini. Ni kweli. Kigoma reli inafika toka Dar es Salaam, sisi tunapokea vitu vimeisha kupita mikono mingi. Na kuko wenye wanaongeza: utapata faida mara mbili, kwa bidhaa na kwa kubadilisha pesa. Hapo ndipo mimi nilidanganyika.

Mwezi wa saba 2025, zamu yangu ya likelemba ilifika. Nilishika faranga 570,000. Kalemie kambisti alinihesabia dola moja kwa 2,850, nikatoka na dola 200. Kigoma ilikuwa karibu shilingi 2,600 kwa dola, kwa hiyo kichwani nilikuwa na shilingi 520,000. Kichwani tu. Tangu Machi 2025 Tanzania imekataza kuweka bei na kulipa vitu vya ndani kwa pesa ya kigeni, basi huwezi kumpa mwenye duka dola mkononi. Lazima ubadilishe kwanza. Noti yangu ya 100 walichukua vizuri. Zile za 10 na za 5 walizishusha bei, na moja yenye kupasuka kidogo kwenye kona nilibembeleza nusu saa. (Sisi wenyewe tunajua hiyo mambo. Dola yenye kitundu kama cha sindano, mama wa sokoni anakurudishia bila kukuangalia.) Nilimaliza na shilingi 500,000. Elfu 20 ilienda mbele sijanunua hata kiberiti.

Nikanunua taa 20 za jua, kila moja shilingi 25,000. Gawanya faranga 570,000 kwa 20: kila taa 28,500. Hapa niliuza 40,000. Jirani zangu wakasema, huyu kijana amekula!

Sikula. Boti, mizigo, lori toka Kalemie mpaka hapa kwa barabara ya namba 5, na bariere za njiani, jumla 150,000. Ilinibakia 80,000 kwa siku kumi na moja za kulala vibaya.

Sasa sikilizeni kwa ile 150,000. Wakati wa kutelemsha mzigo na njiani, watu saba waliniomba pesa. Watatu waliandika karatasi. Wanne, hapana. Amri ya serikali namba 036 ya tarehe 28 Machi 2002 inataja huduma nne zenye haki ya kufanya kazi mpakani: forodha, yaani OFIDA ya zamani, leo DGDA, OCC, DGM, na huduma ya usafi na afya ya mipaka. Kila mutu mwingine mwenye kusimama pale, muulize anatumwa na nani, na umuombe risiti. Mimi sikuuliza. Niliogopa mzigo utalala nje. Ninyi mkiwa wawili ao watatu, ulizeni.

Halafu Oktoba ikafika. Mnakumbuka: kwa majuma machache faranga ilipanda, dola ikatoka juu ya 2,800 ikaanguka chini ya 2,500. Wengi hawakuamini, na siwalaumu. Mwaka 1998 faranga hii ilipozaliwa, dola moja haikufika faranga 2. Wazee wetu wamefundishwa na maisha kwamba dola haishukake. Mwenye kuficha dola chini ya godoro alilia kimya kimya, na angevuka ziwa angelia tena, juu shilingi pia ilikuwa imepanda, dola ikawa karibu 2,450.

Nilirudilia hesabu yangu kwa bei mpya, dola kwa 2,300. Dola zile zile 200 zingeniomba faranga 460,000 tu. Kigoma zingetoa shilingi 490,000, taa 19 na chenji kidogo. Kila taa 24,200 na kitu. Imeshuka zaidi ya faranga 4,000. Lakini pitieni soko letu: taa bado 40,000. Sabuni, mafuta, betri, daftari za watoto, ni vile vile. Dola ikipanda asubuhi, bei ya sukari inapanda mbele ya saa sita. Ikishuka, tunaambiwa tungoje stoki ya zamani iishe.

Neno la stoki si uongo lote. Mama mwenye alinunua na dola ya 2,850, ukimlazimisha auze leo kwa bei ya 2,300, unamuua na likelemba yake. Tusimwendee na hasira. Lakini mwenye alisafiri mwezi huu, akanunua dola rahisi, akaweka bei ya mwezi wa saba, huyo anajaza mfuko wake na faida yenye ilikuwa ya wote. Na bariere haikushusha kitu. Kwao ile elfu 5 inabaki elfu 5, dola ipande, dola ishuke.

Tutawatofautisha namna gani hao wawili? Bila karatasi hatutaweza. Kwa hiyo naomba kazi moja. Kila mwenye kuvuka aandike: dola alinunua kwa ngapi, alibadilisha kwa ngapi, alilipa nani njiani, na nani alikataa kutoa risiti. Majina yenu yatabaki kwetu. Kila Jumamosi tutaandika kwenye ubao pale sokoni bei ya dola ya juma hilo na bei ya vitu kumi vyenye kila nyumba inanunua.

Jumamosi hii naanza na kaye yangu. Nani ananiletea ya pili?