KOMPYUTA KUUKUU: TUSIITUPE KABLA YA KUIPIMA

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)

Leo tunaongea juu ya ile kompyuta ya mezani iliyo nyumbani kwa mweka hazina, ile mnayoiwasha halafu mnakwenda kuchemsha chai.

Tuanze na kosa letu sisi wenyewe. Kikundi kimoja tulichokitembelea kilikuwa na mashine ya namna hiyo. Ilichukua dakika saba kuwaka. Wanachama wakataka kutoa pesa katika mfuko wa mikopo, ule wa karo za watoto, wanunue mpya. Sisi tukakubali upesi. Ndipo mama mmoja mzee akauliza: "Ng'ombe akipunguza maziwa, mnamwuza kabla ya kuangalia kama ana kupe?" Tukanyamaza. Kweli, hakuna aliyekuwa ameitazama hiyo mashine. Basi tukaitazama pamoja, hatua kwa hatua.

Kwanza, okoa hesabu. Kabla ya kugusa chochote, nakili faili zote za michango kwenye flashi, uiweke katika nyumba nyingine. Tunasema hivi kwa uchungu. Zamani tulimpelekea fundi mashine bila kunakili, akafuta kila kitu, na ugomvi ulioingia kikundini uliisha tu kwa sababu katibu alikuwa na daftari.

Pili, tafuta kinachoilemea. Kama ni Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager itafunguka. Ukiona diski imesimama karibu na asilimia 100 kwa muda mrefu na huku hufanyi kazi nzito, shida huenda ni diski. Ikiwa ni memori iliyojaa, shida iko hapo. Usinunue dawa kabla ya kujua ugonjwa.

Tatu, punguza mzigo. Humo humo kuna sehemu ya Startup, yaani programu zinazojiwasha zenyewe. Zima zile msizozihitaji. Kuzizima hapo si kuzifuta. Ya kuzuia virusi iacheni. Halafu ondoeni video na picha za harusi zilizojaza diski, mkamwage na takataka za Recycle Bin. Diski iliyojaa pomoni haina nafasi ya kufanyia kazi. Na zile programu zinazojitangaza kwamba zitaipa kompyuta mbio mara kumi, msizikubali. Nyingine ndizo virusi wenyewe.

Nne, vumbi. Zimeni mashine, chomoeni waya wa stima, mfungue kifuniko nje ya nyumba. Shikeni feni isizunguke, mpanguse kwa brashi laini na kavu. Maji hapana! Mashine ikipata joto kali hujipunguza mwendo yenyewe isije ikaungua. Ya kikundi kile ilikuwa na vumbi kama blanketi.

Tano, kama bado inakokota, sasa ndipo tutoe pesa, tena kidogo. Diski ya zamani ina sahani inayozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na mkono wa kusoma unaokimbia huku na huku. Diski ya SSD haina kitu kinachotembea, kwa hiyo husoma haraka zaidi. Kwa mashine nyingi za zamani, badiliko hili ndilo kubwa kuliko yote. Memori nayo, ikiwa ni GB 2 au 4, iongezwe ifike 8 kama mashine inakubali. Lakini DDR3 haiingii mahali pa DDR4, kwa hiyo nendeni dukani na ile ya zamani mkononi.

Neno moja la tahadhari. Windows 10 iliacha kupewa ulinzi wa kawaida wa bure tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi kuukuu hazikubaliwi na Windows 11. Mkiwa na moja ya hizo, mwulizeni fundi juu ya Linux Mint. Haiuzwi, ni bure, na ina LibreOffice inayofungua hesabu za Excel. Ijaribuni kwanza kutoka kwenye flashi kabla ya kuiweka kabisa.

Kikundi kile kilinunua SSD tu. Sasa mashine inawaka kabla ya dakika moja, na mfuko wa karo haukuguswa. Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Hata hivyo, kama ubao wenyewe umeungua, msiendelee kuzika pesa humo.

Maswali ya kujadiliana kikundini:
1. Nakala ya hesabu zetu iko wapi leo, na ni nani anayeitunza?
2. Mara ya mwisho tulifungua kifuniko lini?
3. Ni kitu gani kingine tulikitupa kabla ya kukipima?