CHUI NA MAWINDO YAKE
(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wanachama)



Tulipotaja kuwa tutazungumza juu ya chui, baadhi yenu mlicheka. Eti chui na ushirika wapi na wapi? Jamani, mbuzi ni mali, na msitu wa Kitulangalo haupo mbali na sisi.

Twende kwanza Udzungwa. Ukitoka hapa Mikese unapita Mikumi, halafu Kidatu, unafika Mang'ula. Hifadhi ile ya Taifa ilianzishwa mwaka 1992, na ina kilometa za mraba 1,990. Watafiti, mmoja wao Rasmus Havmøller wa Denmark, walitega kamera katika vituo 164, hifadhini na pembeni yake, eneo la kilometa za mraba kama 2,500. Kamera hizi hazishikwi na mtu. Mnyama akipita zinapiga zenyewe, usiku na mchana.

Mtauliza, chui mmoja akipita mara kumi si atahesabiwa kumi? Hapana. Madoa ya chui ni kama alama za vidole vyetu, hayafanani na ya mwenzake. Tena ubavu wa kulia si sawa na wa kushoto, ndiyo maana katika kazi hii kamera mbili huwekwa zikitazamana.

Matokeo yakatolewa mwaka 2019: katika kila kilometa za mraba 100, chui wanne na kidogo. Wanne tu! Iwe msitu wa mvua au pori kavu, hawakuona tofauti. Tofauti waliyoiona ni hii: kadiri unavyouacha mpaka wa hifadhi na kuingia ndani, chui wanazidi. Na mpakani wanakaa nani? Watu, kama sisi.

Chakula chake nacho kilichunguzwa, kwa kuokota kinyesi na kukipima maabara. Ikaonekana chui hula kufuatana na mahali alipo. Kule wapo mbega, kima, funo, na minde, ambaye duniani yupo Tanzania peke yake.

Haya, turudi nyumbani. Tuseme kweli: hata sisi tunaosema hapa tumekula paa wa tanzi. Waya hauchagui, unamnasa paa, unamnasa na chui. Paa wakiisha, chui atatazama wapi kama si zizini? (Hayo hawakuyasema watafiti, ni maoni yetu wafugaji.) Halafu mtu akiliwa mbuzi anatia sumu kwenye mzoga, wanakufa mbwa wa jirani.

Kwa hiyo tunaomba: mbuzi waingie kabla ya giza, na banda liwe na paa la juu, maana chui hupanda. Akiuawa mbuzi, mtendaji aambiwe siku ile ile.

Nyaya zote ziletwe ofisini mpaka Jumamosi. Hakuna jina litakaloandikwa. Za kwetu mbili zimo tayari kwenye ndoo, pale mlangoni.