Sahihi Haifuti Uzembe

Siku ya uwanja, kama wapenzi wa magari wanavyoiita, si mashindano. Hakuna kombe wala mshindi. Mtu hulipa kiingilio, huja na gari lake mwenyewe, na hupewa zamu ya kulikimbiza kwenye njia ya mbio bila kuogopa trafiki. Kabla ya kuwasha injini hutia sahihi hati inayosema kwamba hatari anaijua, na kwamba si yeye wala warithi wake watakaomdai mtu. Wengi hutia sahihi wakiwa wima, hati ikiwa juu ya boneti, bila kusoma mstari wa pili.

Juni 2005, katika uwanja wa California Speedway mjini Fontana, Marekani, klabu ya wenye Ferrari iliandaa siku ya namna hiyo. Porsche Carrera GT, gari la nguvu za farasi zaidi ya 600 lisilo na mfumo wa kielektroniki wa kulituliza linapoanza kuteleza, lilikuwa linapita kwa kasi ya zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Wakati huohuo Ferrari moja, iliyoruhusiwa na mshika bendera, ikaingia njiani polepole ikitoka eneo la mafundi. Dereva wa Porsche akakwepa, gari likayumba, likajibamiza kwenye ukuta wa zege. Dereva na abiria wake walifariki.

Abiria alikuwa ametia sahihi. Hata hivyo mjane wake alifungua kesi, akawashtaki karibu wote waliohusika. Dai zito kuliko yote lilihusu ukuta: kwamba ulikuwa umesogezwa karibu na njia ili kupata nafasi ya watoto kuchezea, jambo ambalo hakuna dereva aliyeambiwa. Kampuni ya Porsche nayo ilidaiwa kuuza gari lisilotulia. Mwaka 2007 pande zote zilielewana nje ya mahakama kwa takriban dola milioni 4.5. Mirathi ya dereva ilibeba asilimia 49, uwanja na waandaaji 41, Porsche 8, na dereva wa Ferrari 2.

Mgawanyo huo si hukumu, kwa hiyo hauzifungi mahakama nyingine. Lakini unaonyesha jinsi mawakili walivyoipima hati ile. Sheria ya California hutofautisha hatari iliyomo ndani ya mchezo wenyewe na ile inayoongezwa na mwandaaji. Kuteleza konani ni sehemu ya mchezo. Ukuta uliowekwa pasipostahili si sehemu yake. Mwaka huohuo wa 2007, Mahakama ya Juu ya jimbo hilo iliamua kwamba hati ya kuachilia madai haiwezi kumkinga mtu na uzembe uliokithiri. Shauri lenyewe halikuhusu magari hata kidogo: lilitokana na msichana mwenye ulemavu aliyezama bwawani katika kambi ya likizo ya mji wa Santa Barbara.

Uingereza imekwenda mbali zaidi. Tangu sheria ya mwaka 1977 kuhusu masharti ya mikataba yasiyo ya haki, mfanyabiashara hawezi kujivua kwa maandishi dhima ya kifo au jeraha lililotokana na uzembe wake, uwe mdogo au mkubwa. Hati hubaki ushahidi kwamba mshiriki alionywa, basi.

Kwa hiyo kazi ya mwandaaji iko njiani, haiko kwenye karatasi: kueleza maana ya bendera kabla ya zamu ya kwanza, kutenganisha wageni na wazoefu, kupanga mahali pa kupitana, kukagua matairi na breki, kuweka gari la wagonjwa karibu. Mshika bendera anayeruhusu magari kuingia anastahili mafunzo kuliko mtu yeyote pale, ingawa mara nyingi kazi hiyo hupewa wa kujitolea.

Dereva naye ana wajibu wa kumweleza abiria kasoro za gari anazozijua, na wa kusoma mkataba wake wa bima mapema. Bima nyingi za kawaida za magari hazilipi hasara iliyopatikana kwenye njia ya mbio.